Mfumo Ukikosea, Nani Anaulizwa?

Mkulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, anayeomba mkopo kwa simu haonani na mtu. Anabonyeza namba, anaandika kiasi, anasubiri kidogo, na jibu linaingia: ombi lako halikufanikiwa. Akienda kwa wakala kuuliza sababu, wakala anamwambia, "Mama, mfumo ndio uliokataa." Akipiga huduma kwa wateja, anayepokea anamwambia vilevile, kwa adabu, na kwamba yeye mwenyewe haoni zaidi ya hapo. Wote wawili wanasema kweli. Hakuna mtu aliyekaa mahali akasoma jina la mama yule akamkatalia. Kilichokataa ni programu iliyopima miamala yake, mikopo yake ya nyuma na namna anavyotumia laini yake, ikampa alama, na alama ikawa chini ya kiwango.

Mkopo wa shilingi elfu hamsini ukikataliwa, mtu ataazima kwa shoga yake na siku itapita. Lakini mpango huohuo, wa uamuzi kutoka kwenye kompyuta bila ya mtu kuusimamia, duniani umeshaingia barabarani, angani, hospitali na vitani. Huko kosa ni roho ya mtu. Na roho ikishatoka, watu wanataka kujua nani anaulizwa. Nimewasikia wengi wakijibu haraka. Kuna wasemao aulizwe aliyeitengeneza mashine, basi. Kuna wasemao ajali ni ajali na mashine haina kosa. Na wapo wanaoamini kwamba siku si nyingi mashine yenyewe itapandishwa kizimbani. Majibu haya yote yanalichukulia jukumu kama mzigo mmoja ambao lazima abebeshwe mmoja. Hapo ndipo fundo linapoanzia, na nitajaribu kulifungua pole pole.

Mashine iliyojifunza

Programu ya kawaida, kama ile ya kupigia mahesabu ya mishahara, inafuata amri alizoandika mtu. Ikikosea, fundi anafungua maandishi yake, anatafuta mstari wenye kasoro, na aliyeuandika anajulikana. Akili mnemba ya leo haijengwi hivyo. Inapewa mifano mingi mno, iwe picha, maneno au rekodi za wakopaji, halafu inajirekebisha mara mamilioni mpaka majibu yake yanakaribiana na yale yaliyotakiwa. Kinachobaki ndani ni namba, pengine mabilioni ya namba, na hakuna aliyekaa akaziandika moja moja kwa kukusudia. Aliyeitengeneza anaweza kukueleza ilifundishwa vipi. Kukueleza kwa nini imemkatalia huyu ikamkubalia yule ni jambo jingine, na mara nyingi hawezi.

Machi 2016, mjini Seoul, programu AlphaGo ya kampuni ya DeepMind ilicheza mchezo wa ubao uitwao go na bingwa Lee Sedol. Katika mchezo wa pili, hatua ya 37, iliweka kete mahali ambapo wajuzi waliokuwa wakitangaza walidhani imekosea. Kwa makadirio ya programu yenyewe, uwezekano wa binadamu kucheza hatua ile ulikuwa kama mmoja katika 10,000. Ikashinda. Waliounda programu hawakuifundisha hatua hiyo wala hawakuijua mpaka walipoiona kama sisi tulivyoiona. Mchezoni, jambo hilo ni raha tupu. Uwezo huohuo wa kufanya ambalo hakuna aliyelitarajia, ukiuweka kwenye gari au kwenye mashine ya kuamua nani atibiwe mwanzo, unaleta hofu ya haki.

Wanafalsafa wameipa hofu hiyo umbo. Tangu Aristotle, mtu halaumiwi ila kwa mambo mawili: awe alikuwa na uwezo juu ya tendo, na awe alijua analolifanya. Aliyesukumwa akamwangukia mwenziwe halaumiwi, na aliyempa mgeni chakula asichojua kuwa kimeharibika halaumiwi kama aliyetia sumu. Mwaka 2004 Andreas Matthias aliandika kwamba mashine zinazojifunza zinavunja yote mawili kwa mpigo mmoja. Mtengenezaji hakujua itafanya nini, na wakati inafanya hakuwa na uwezo wa kuizuia. Mtumiaji naye ni hivyohivyo. Mashine nayo si mtu. Kwa hiyo, akasema, linabaki pengo la uwajibikaji: dhara lipo, mtu wa kulibeba hayupo.

Hoja hii ni nzito na ninaiheshimu. Lakini nikiangalia yaliyokwishatokea, naona pengo hilo ni dogo sana kuliko linavyosemwa, na kwamba wanaofaidika na ukubwa wake ni wale ambao wangepaswa kuulizwa.

Sekunde tano na nusu

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe katika jimbo la Arizona, Marekani, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilikuwa likijiendesha. Ndani alikaa mwangalizi mmoja, kazi yake kutazama barabara na kushika usukani pakitokea hatari. Mwanamke wa miaka 49 alikuwa akivuka huku anakokota baiskeli, mahali pasipo na kivuko. Gari likamgonga, akafariki.

Ukilisikia hivyo, utadhani ndilo pengo lenyewe: kompyuta imeua, na kompyuta haina wa kumkamata. Lakini bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilifungua kumbukumbu za gari na kutoa ripoti yake Novemba 2019. Vihisi vya gari vilimwona yule mwanamke sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kwa mwendo wa gari lile, muda huo ulitosha kusimama. Programu ndiyo iliyoshindwa kumtambua. Mara ikamwita kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli, na kila ilipobadilisha jina ilitupa kumbukumbu ya alikotokea, kwa hiyo haikuweza kukisia anaelekea wapi. Haikuandaliwa kabisa kuwazia kwamba mtu anaweza kuvuka nje ya kivuko. Gari lenyewe, Volvo, lilitoka kiwandani na mfumo wake wa kufunga breki za dharura. Uber waliuzima kila kompyuta yao ilipokuwa inaendesha, ili mifumo miwili isigongane. Waliweka pia ucheleweshaji wa sekunde moja kabla ya breki kali, gari lisije likawa linakurupuka kwa hatari za uongo. Mwanzo waangalizi walikuwa wawili kwa kila gari, wakapunguzwa akabaki mmoja. Na mmoja huyo, usiku ule, alikuwa anaangalia kipindi kwenye simu.

Katika hayo yote, liko wapi lile ambalo hakuna binadamu aliyelijua wala kuliweza? Kuzima breki ni uamuzi, na kuna kikao ulipofanyika. Kupunguza mtu wa pili ni uamuzi. Kutomfikiria mwenda kwa miguu anayekatiza barabara ni kusahau jambo ambalo dereva yeyote wa daladala ya Mwanakwerekwe analijua kabla hajapata leseni. Mashine ilifanya jambo ambalo hakuna aliyelikusudia, ni kweli. Ila nafasi ya kulifanya ilifunguliwa na watu, mlango mmoja mmoja, mchana kweupe.

Sasa tazama nani aliulizwa. Bodi ilitaja uzembe wa mwangalizi kuwa chanzo, na ikaitaja kampuni kwa kutopima hatari na kutowasimamia waangalizi wake ipasavyo. Hata jimbo lilitajwa kwa usimamizi hafifu. Mahakamani mambo yakawa membamba zaidi. Machi 2019 mwendesha mashtaka alisema haoni msingi wa kuishitaki kampuni kwa jinai. Mwangalizi alishitakiwa, na mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi. Familia ya marehemu ilimalizana na kampuni nje ya mahakama.

Lawama mbali, dhamana mbali

Ndani ya neno jukumu mna nyuzi zaidi ya moja, na zikivutwa pamoja ndipo fundo linapokaza. Kuna sababu: nini kilichofanya dhara litokee. Mashine inaweza kuwa sababu, kama mwamba unavyoweza. Kuna lawama: nani alitenda vibaya moyoni mwake, kwa kukusudia au kwa kupuuza. Kuna dhamana: nani atalipa na kutengeneza kilichoharibika. Na kuna jawabu: nani atasimama mbele ya aliyedhurika amweleze kilichotokea na kwa nini. Hakuna kanuni inayosema nyuzi hizi nne lazima zifungwe kwenye mkono mmoja.

Kwetu jambo hili halihitaji kufundishwa upya. Sehemu nyingi za Unguja na Pemba ng'ombe haachiwi ovyo. Anafungwa kamba, na anahamishwa malisho. Akikata kamba usiku akaingia konde la jirani akala muhogo, hakuna anayemuuliza ng'ombe. Wala hakuna anayesema kwamba kwa kuwa mwenye ng'ombe alikuwa kalala na hakukusudia, basi jirani avumilie hasara yake. Wanakwenda kwa sheha, mkuu wa shehia yao. Mwenye ng'ombe pengine hana dhambi hata chembe, kamba ilikuwa nzima na fundo zuri, na bado atalipa muhogo. Lawama imeondoka, dhamana imebaki.

Nyuma ya desturi hiyo kuna elimu ya karne nyingi. Qur'ani, katika Suratul Anbiyaa aya ya 78, inawataja Daudi na Suleimani wakihukumu kesi ya kondoo wa watu walioingia shambani usiku. Wafasiri wamesimulia kwamba Daudi aliona mwenye shamba apewe kondoo, na Suleimani akaona mwenye kondoo alitengeneze shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, na wakati huo mwenye shamba anufaike na maziwa na sufi. Ipo pia hadithi ya ngamia wa Baraa bin Azib aliyeharibu bustani, ambapo Mtume, rehema na amani zimshukie, alihukumu kwamba mchana wenye mashamba walinde mashamba yao, na kinachoharibiwa na wanyama usiku ni juu ya wenye wanyama. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Zanzibar, yameshika hukumu hiyo, na wanazuoni wake wakaongeza kwamba ada ya mahali ikiwa kinyume, hukumu nayo inafuata ada.

Ninairudia hukumu hii kila ninaposoma mijadala ya akili mnemba, kwa sababu ya jinsi ilivyopangwa. Haikusubiri kuuliza mnyama alikuwa na nia gani. Haikumtaka mwenye mnyama ajue ng'ombe atapita njia gani. Imeuliza: saa hiyo, nani ndiye mwenye uwezo wa kuchunga? Mchana mwenye shamba yupo macho shambani kwake, basi zamu ni yake. Usiku mwenye shamba amelala, mnyama yuko zizini kwa mwenyewe, basi zamu ni ya mwenye mnyama. Jukumu limegawiwa kwa zamu, limegawiwa kabla ya dhara, na kila mtu kijijini anaijua zamu yake.

Lawama nayo ina mizani yake tofauti. Hadithi mashuhuri inasema kalamu imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Mtoto akivunja kioo cha duka la watu hana dhambi, lakini kioo kitalipwa. Mashine iko mbali zaidi kuliko mtoto, kwa sababu mtoto atakua na siku moja ataelewa, na mashine haina siku hiyo. Haioni haya, haitubu, haina linaloiuma ukiizima. Kuilaumu ni kupoteza lawama iliyokuwa imkute mtu.

Kinachoutenga mfano huu na mashine ni kwamba ng'ombe ana mwenyewe mmoja, anayejulikana mtaa mzima, na hakuna kampuni iliyomuunda. Mashine ina aliyekusanya data, aliyeifundisha, aliyeiuza, taasisi iliyoinunua, na mfanyakazi anayekaa mbele yake kila siku. Kila mmoja ameshika kipande. Dhara likitokea, kila mmoja anaonyesha kipande chake kwamba kilikuwa sawa.

Na hili la mikono mingi, Zanzibar tunalijua kwa msiba. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama nje ya Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi chake. Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Hapakuwa na akili mnemba yoyote katika meli zile. Lakini kila aliyefiwa alijua kwamba jina la nahodha peke yake halitoshi kujibu. Kulikuwa na wenye meli, wakata tiketi, wakaguzi, waliosimama bandarini wakaiona inaondoka. Serikali iliunda tume kwa sababu jukumu lilikuwa limesambaa kiasi kwamba lilihitaji kukusanywa. Akili mnemba haikuanzisha tatizo hili. Inachofanya ni kuongeza mkono mmoja ambao tume haiwezi kuuita kuja kutoa ushahidi.

Mtu mdogo aliye karibu

Jukumu likisambaa, lina tabia ya kuteremka. Linamwangukia aliye chini na aliye karibu. Mtafiti wa Marekani Madeleine Clare Elish ameifananisha hali hii na ile sehemu ya mbele ya gari iliyotengenezwa ibonyee wakati wa ajali ili waliomo ndani wasalimike. Katika mifumo ya kompyuta, anasema, binadamu aliyewekwa karibu na mashine anageuzwa kuwa sehemu hiyo ya kubonyea: anapokea kishindo cha lawama, na mfumo unabaki mzima na jina lake zuri.

Waafrika Mashariki tuliliona hili kwa uchungu. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX, ilianguka dakika sita baada ya kuruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu wote 157 walifariki, 32 kati yao Wakenya. Miezi mitano nyuma, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilianguka Indonesia na kuua 189. Ndege zile zilikuwa na mfumo uitwao MCAS uliokuwa ukiishusha pua ya ndege wenyewe, kwa kutegemea kihisi kimoja. Kihisi kikikosea, mfumo unashusha pua tena na tena huku rubani anapambana kuinyanyua. Kabla ya ajali ya kwanza, marubani hawakuwa wameelezwa kwenye vitabu vyao kwamba mfumo huo upo. Na bado, baada ya ajali zile, zilisikika sauti nyingi za kuhoji ujuzi wa marubani. Huo haukuwa mfumo wa kujifunza, tuseme kweli. Lakini nafasi aliyowekwa binadamu ndani yake ndiyo ileile. Alipewa kuwajibika, hakupewa kujua.

Kwa hiyo nasitasita kila ninaposikia dawa inayotolewa haraka siku hizi: "tutaweka mtu wa kusimamia." Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, inataka usimamizi wa binadamu kwa mifumo yenye hatari kubwa, na ni jambo jema. Lakini mtu wa namna gani? Shirika la Afya Duniani tangu 2021 limekubali programu za kompyuta zitumike kusoma picha za eksirei za kifua kutafuta dalili za kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Ni msaada mkubwa mahali ambapo mabingwa wa kusoma eksirei ni wachache. Sasa mchukulie tabibu wa kituo cha afya aliyepewa mashine kama hiyo. Foleni ni ndefu, mashine inasema "hakuna dalili", na yeye ana shaka ndogo tu. Akiipinga mashine na ikawa ilikuwa sahihi, ataulizwa kwa nini amepoteza dawa na muda. Akiifuata na ikawa imekosea, sahihi iliyoko kwenye karatasi ni yake. Hajafundishwa mashine inakosea wapi, hana muda wa kuangalia tena, na pengine hana hata ruhusa ya kuizima. Huyo si msimamizi. Ni jina tu lililowekwa hapo ili pakitokea jambo pawe na jina.

Tukirudi kwenye zamu ya usiku na mchana: kumpa mtu zamu maana yake ni kumpa macho ya kuonea na kamba mkononi. Mtu asiyeweza kuona wala kuzuia hana zamu, hata kama ameandikiwa.

Kuifanya mashine mtu

Wapo waliotaka kulimaliza kwa njia ya mkato. Februari 2017 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio lililotaka kufikiriwa, miongoni mwa mengine, kuzipa roboti zilizoendelea sana aina ya utu wa kisheria. Mwaka uliofuata wataalamu zaidi ya 150 waliandika barua ya wazi kupinga, na wazo likapoa. Sheria kuita kitu "mtu" si ajabu yenyewe. Kampuni ni mtu wa kisheria, na katika sheria za bahari hata meli inaweza kushitakiwa na kuzuiwa bandarini kwa madeni. Lakini meli ikizuiwa, inauzwa, na mdai analipwa. Kampuni ina akaunti. Mashine haina chake. Ukiipa utu, umempa mwenye nayo pazia la kujifichia.

Na kuna waliokwishajaribu pazia hilo. Shirika la ndege la Air Canada lilikuwa na programu ya kuzungumza na wateja kwenye tovuti. Abiria aliyefiwa na bibi yake aliiuliza kuhusu nauli ya msiba, ile ya nafuu kwa waliofiwa, ikamwambia anaweza kuomba kurejeshewa tofauti baada ya safari. Haikuwa kweli. Alipodai, shirika lilijitetea kwa hoja ambayo baraza liliieleza kuwa ni sawa na kusema programu ile ni chombo kinachojitegemea, chenye kuwajibika kwa matendo yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, likaikataa hoja hiyo na kuamuru alipwe dola 812 hivi za Kanada. Fedha ndogo, lakini msimamo ni mzuri: kilichosemwa kwenye tovuti yako umekisema wewe.

Kugawa zamu mapema

Sheria iliyonifurahisha zaidi katika miaka hii ni ya Uingereza ya mwaka 2024 kuhusu magari yanayojiendesha. Inataka kila gari la namna hiyo liwe na kampuni iliyosajiliwa kubeba dhamana ya uendeshaji wake. Wakati gari linajiendesha, aliyekaa kwenye kiti cha dereva hashitakiwi kwa namna lilivyoendeshwa. Gari likitaka kumkabidhi usukani, lazima limpe taarifa na muda wa kujiandaa. Muda ukipita, zamu inakuwa yake. Ukiisoma baada ya ile hukumu ya ngamia, utaona mantiki ni moja.

Tanzania tuna mwanzo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina kifungu kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine pekee: mtu anaweza kumtaka anayeshika taarifa zake asimwamulie jambo zito kwa njia hiyo tu. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kifungu hicho kinahitaji watu wa kukitumia, na wengi wanaokatwa na alama za kompyuta kila siku hawajui kwamba kipo. Kingefaa kusomwa redioni, kwa lugha nyepesi, mara kwa mara, kama linavyosomwa tangazo la chanjo.

Lakini sheria ya kulipa na kujibu haimalizi suala la nani alichagua mashine iangalie nini, na hapo lawama ya kweli mara nyingi ndipo ilipojificha. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha utafiti kuhusu programu iliyotumika katika hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu haikutajiwa rangi ya mtu. Iliambiwa ikisie gharama za matibabu, kwa dhana kwamba anayegharimu zaidi ndiye mgonjwa zaidi. Ila watu weusi kule, kwa sababu ya vikwazo vya kufikia huduma, walikuwa wakitumiwa fedha kidogo hata walipokuwa wagonjwa sawa na wazungu. Programu ikawaona wazima. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo ikiondolewa, sehemu ya watu weusi kati ya waliopaswa kupata msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Mashine ilifanya kwa ufanisi kile ilichoambiwa. Aliyechagua fedha iwe kipimo cha ugonjwa alikuwa mtu.

Hilo linatuhusu sana, kwa kuwa karibu kila mashine ya namna hii inayofika visiwani imefundishwa kwa watu wengine. Programu ya kusikiliza sauti iliyolelewa kwa Kiswahili cha taarifa ya habari itamkuta bibi wa Micheweni akieleza maumivu yake kwa Kipemba, itaandika kingine, na kosa ataambiwa ni lake, hasemi vizuri. Taasisi inayoinunua ndiyo yenye zamu hapo. Kabla ya kulipa inaweza kudai mashine ijaribiwe kwa sauti za watu wa Micheweni na Makunduchi, na majibu ya majaribio hayo yawekwe wazi. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu, na likishajulikana hakuna wa kusema baadaye kwamba hakujua.

Kuna na suala la kumbukumbu, ambalo ni la kiufundi na halizungumzwi. Ya Tempe yalijulikana sekunde kwa sekunde kwa sababu gari liliandika kila kitu na wachunguzi wa serikali walikuwa na mamlaka ya kuzichukua rekodi zile. Mashine ya hospitali iliyopo Chake Chake ambayo rekodi zake zinakaa kwenye kompyuta za nje ya nchi, chini ya kampuni isiyo na hata ofisi hapa, haitampa mchunguzi wetu chochote zaidi ya kile kampuni itakachopenda kumpa. Mkataba unaweza kusema vingine: nakala ya kila uamuzi ibaki hapa, ieleweke ni toleo gani la programu lililotumika siku ile, Wizara iwe na haki ya kuzifungua bila kuomba, na jina la afisa mwenye uwezo wa kuizima mashine liandikwe pamoja na namba yake ya simu. Hayo yaandikwe kabla mashine haijashushwa bandarini, wakati muuzaji bado anaitaka biashara. Ikishafungwa ukutani na wagonjwa wakaizoea, hana tena sababu ya kukubali.